Sufuria Tatu za Wakfu

Bibi yangu alikuwa na sufuria tatu za shaba ambazo hazikuwa zake. Zilikaa chini ya ngazi, nyumbani kwetu Mji Mkongwe wa Unguja, zimefunikwa magunia, na kila moja ilitaka wanaume wawili kuinyanyua. Mwenyewe alikuwa mwanamke mmoja aliyekufa zamani, mpishi, aliyewapikia watu harusi zao umri wake wote. Alipoona siku zake zimekaribia aliziweka wakfu: ziazimwe bure, zote tatu pamoja, kwa kila Muislamu mwenye shughuli, wa mjini na wa Ng'ambo na wa shamba, zisiuzwe wala zisirithiwe. Usimamizi ukamuangukia mama yake bibi, kisha bibi. Na bibi, nasema hivi ingawa ni marehemu na nilimpenda, aliusimamia wakfu ule kwa upendeleo.

Si kwamba alikula cha mtu. Upendeleo wake ulikuwa wa heshima, na ubaya wa upendeleo huo ni kuwa mwenye nao huuona ni adabu njema. Mwenye nyumba kubwa akituma mtu, alipewa siku anazotaka, hata zikiwa kumi. Baada yake alifuata mwenye mashamba, kisha mwenye duka. Watu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge nje ya Mji Mkongwe, walipata siku zilizobaki, na mara nyingi hazikubaki. Mwezi mbaya kuliko yote ulikuwa Shaaban. Ramadhani watu hawaozi, kwa hiyo kila mwenye binti alikimbilia kumuoza kabla mwezi haujaandama, na sufuria zile zikagombewa kama mfereji siku maji yakikatika.

"Mkubwa hangojeshwi," bibi alizoea kusema, na kwake maneno yalikuwa yameishia hapo.

Kwangu hayakuishia hapo, na sababu ninayo. Mama yangu mzazi aliugua baada ya kunizaa, maziwa yakamkauka. Nikapelekwa Ng'ambo kwa mwanamke mwenye asili ya bara, msusi wa mikeka, ambaye alikuwa amejifungua wiki ile ile. Akatunyonyesha wawili, mimi na binti yake. Kwa dini yetu huyo ni mama yangu, na binti yake ni ndugu yangu, hakuna la kujadili. Nilimwita mama mbele ya watu, hata mbele ya wale waliokunja pua.

Ndugu yangu huyo alikuwa ameposwa na kijana aliyefanya kazi bandarini Tanga. Likizo yake ilikuwa moja kwa mwaka, na alikuwa akiomba apewe Shaaban. Mwaka wa kwanza mama alikuja kuomba sufuria, akaambiwa hazina nafasi. Mwaka wa pili akaambiwa vile vile. Kuna waliosema si aazime vya majirani, kana kwamba pilau ya mtaa mzima hupikwa kwenye visufuria vya chai. Mwaka wa tatu upande wa mwanamume walituma salamu, maneno laini lakini yaliyokatwa kwa kisu: ikiwa mwaka huu tena haiwezekani, basi kila mmoja atafute bahati yake kwingine. Ndugu yangu alinieleza hayo huku anasuka, hakuinua uso. Mimi ndiye niliyelia.

Hii ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, kabla siasa haijawaingia watu mpaka majumbani. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimemaliza skuli ya wasichana, nimewekwa ndani kungoja posa, na nilikuwa na hasira nisiyokuwa na pa kuipeleka. Mwaka ule macho ya bibi yaliingiwa na mtoto wa jicho, akashindwa kumtambua mjumbe mpaka aseme. Akaniambia nimshikie daftari la maombi. Nikaipokea kazi ile kama mwizi anayekabidhiwa funguo.

Walioomba Shaaban ile walikuwa kumi na mmoja. Wa kwanza kutuma alikuwa mwanamke wa nyumba kubwa iliyokuwa uchochoro wa pili kutoka kwetu. Tulimwita Bi mkubwa sote, hata waliomzidi umri. Alikuwa anamuoza mwanawe wa mwisho, na alitaka sufuria siku kumi, katikati ya mwezi barabara: siku za matayarisho, harusi yenyewe, na fungate nzima, zile siku saba ambazo maharusi hulishwa bila kunyoosha mkono. Bibi akasema niandike jina lake juu. Nikaliandika. Kisha nikawapenyeza wengine huku na huku. Kwa mpango ule walipata watu watano tu, na ndugu yangu hakuwamo.

Nikaufunga mlango. Nilikuwa na miyaa, majani ya kusukia mikeka, iliyokwisha kukaushwa, mama wa Ng'ambo aliniletea nisukie. Nikaikata vipande, kila mwenye harusi na kipande chake, kila siku upana wa kidole kimoja. Aliyeomba siku mbili, kipande chake vidole viwili. Aliyeomba siku nne, vidole vinne. Cha Bi mkubwa kilikuwa kirefu kuliko mkono wangu kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole. Nikatandika mkeka, ukingo mmoja ukawa mwandamo wa mwezi na ukingo wa pili ukawa mwisho wake, nikapanga kila kipande mahali pa siku zake. Vilirundikana pale katikati kama watu mlangoni pa karamu ya walima.

Kwanza nilijaribu kuanza na aliyetuma mapema. Bi mkubwa akatoka mbele tena, maana mwenye watumishi hutuma mapema siku zote. Nikajaribu kuanza na aliyetaka siku chache. Hapo nilidhani nimepata, kumbe kuna kipande kimoja cha siku mbili kilichokaa kati ya viwili vingine, kimekanyaga mkia wa kimoja na kichwa cha cha pili. Nikikichukua hicho kifupi nawafukuza wawili kwa ajili ya mmoja. Nikavichanganya vyote, nikalala.

Siku ya tatu ndipo nilipobadilisha swali. Badala ya kuuliza nani mkubwa, au nani kaanza, au nani kataka kidogo, niliuliza: nani atazirudisha mwanzo? Kwa sababu anayezirudisha mwanzo ndiye anayewaachia wenzake sehemu kubwa ya mwezi. Nikatafuta kipande kinachokwisha kabla ya vyote, nikakiweka kando ya ukingo. Vyote vilivyogongana nacho nikaviondoa. Katika vilivyobaki nikatafuta tena kinachokwisha mwanzo, nikakiweka, nikaondoa vilivyogongana nacho. Hivyo hivyo mpaka nikafika ukingo wa pili wa mkeka. Nikahesabu. Walikuwa tisa, na ndugu yangu mmoja wao.

Nilirudia mara nne kwa kutoamini. Wako watu wa kizazi cha leo wanaosoma mambo haya. Mjukuu wangu mmoja alikuwa chuo kikuu kule Tunguu, akaniambia kuwa kompyuta nazo hupanga vivyo hivyo, na kwamba wataalamu wanaiita njia ya mlafi, kwa kuwa inanyakua kilicho bora mbele yake bila kugeuka nyuma. Nilimwambia awapelekee wataalamu wake salamu. Mlafi alikuwa yule wa siku kumi.

Walioachwa nje walikuwa wawili. Mmoja ni Bi mkubwa. Wa pili ni mzee mmoja aliyekuwa akioa mke wa tatu, na huyo sikumuonea huruma hata kidogo. Nilimtumia ujumbe kwamba wawili alionao watamtosha mpaka Mfunguo Mosi, Ramadhani ikishapita.

Nikampelekea bibi mpango wangu. Alikuwa kitandani anavuta tasbihi. Nikamsomea majina mpaka mwisho.

"Bi mkubwa simsikii," alisema.

"Hayumo, bibi."

"Umemuondoa?"

"Sikumuondoa mie. Kajiondoa mwenyewe kwa kutaka siku kumi."

"Watu watasema nini?"

"Watu gani, bibi? Wale tisa au yule mmoja?"

"Usinijibu hivyo. Mimi nimemzaa baba'ako."

"Nakujibu kwa adabu zote. Lakini aliyeziweka sufuria hizi alikuwa mpishi. Kasema kila mwenye shughuli. Hakusema kila mwenye nyumba ya ghorofa."

Tasbihi ikasimama. Nilidhani atanitukana, maana akikasirika alikuwa na ulimi. Lakini akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Haya. Lakini mtu mzima usimfungie mlango usoni. Mwachie pa kupitia."

Nikarudi kwenye mkeka. Baina ya harusi ya watu wa shamba, wa Mangapwani, na ya ndugu yangu palikuwa na nafasi ya vidole vitatu: Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Nikachukua mkasi, nikakikata kile kipande kirefu, vidole vitatu nikaviweka pale na saba nikavitupa uani. Nakiri kwamba kile kitendo cha kukata kilinifurahisha kuliko inavyostahili. Tisa wakawa kumi.

"Na likiharibika," bibi alinambia, "litakuwa na jina lako, si langu."

Nikasema na liwe.

Bi mkubwa alikubali, kwa sababu harusi ilishatangazwa na hakutaka ijulikane kuwa anabishana na kitoto. Lakini alimtuma mtumishi wake na sharti: Jumatano yote ni yake, mtu asije kumgongea mlango Jumatano haijesha. Nikamjibu kwa maandishi, kwa khati nzuri niliyofundishwa skuli, kwamba Jumatano ni yake mpaka iishe.

Mwezi ukaandama, sufuria zikaanza kwenda na kurudi. Wiki ile ya kwanza nilitembea humo ndani kama nimejenga nyumba. Wale wa Mangapwani, ambao kwa bibi walikuwa hawajapata hata mara moja, walizirudisha siku yao, zimeng'ara, na juu yake mkungu wa ndizi. Mwanamke mmoja aliniombea dua mpaka nikaona haya. Bibi hakusema kitu. Alizigusa sufuria kwa kiganja, moja moja, akasema zimeoshwa vizuri.

Jumatatu zikaenda kwa Bi mkubwa. Jumanne tulisikia ngoma. Jumatano, baada ya adhuhuri, nikasikia hodi chini.

Alikuwa mama wa Ng'ambo, na nyuma yake gari la hamali na wachukuzi wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zi wapi?"

"Zi wapi nini?"

"Sufuria, mwanangu. N'shachelewa."

Nikacheka. Nilidhani furaha ya harusi imemchanganya. "Kesho, mama. Si umesema mwenyewe usiku wa Alkhamisi?"

Akanitazama. "Usiku wa Alkhamisi ndo leo. Jua likizama tu."

Kila anayesoma haya kwa lugha yetu ameshajua nilivyokosea, na kama ni mtu mzima ameshashika kichwa. Usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, tunaosoma Yasini, na huo hata mtoto hakosei. Siku kwetu huanza magharibi. Nimezaliwa ndani ya hesabu hiyo, nimeisema tangu nilipojua kusema. Lakini niliposhika kalamu niliangalia kalenda ya ukutani niliyopewa skuli, ambayo kila siku ina kisanduku chake, asubuhi juu na usiku chini. Mama alisema usiku wa Alkhamisi. Mimi nikaandika Alkhamisi, usiku. Ulimi wangu ulikuwa wa nyumbani na kalamu yangu ilikuwa ya wenye skuli.

"Nazi zishakunwa," mama alisema. Hakupandisha sauti. "Mbuzi washachinjwa. Nikahi baada ya Isha. Bwana harusi kashafika na wazee wake, na Ijumaa anarudi kazini. Zi wapi?"

Nikamwambia ziko wapi.

Bibi alikuwa amesikia yote kutoka juu. Nilipopanda kuchukua buibui langu aliniambia neno moja tu, niende mwenyewe. Sikuomba anisaidie. Ningeona aibu kuomba.

Nyumbani kwa Bi mkubwa ua ulikuwa umejaa wanawake wa fungate, wamekaa juu ya majamvi, wanakunywa kahawa kwa halua. Sufuria zetu zilikuwa zimesukumwa ukutani, zimefunikwa, hazina kazi yoyote. Kuona vile kulinipa moyo. Nikawaamkia wakubwa, kisha nikasema wazi mbele ya wote.

"Bi mkubwa, nimekosea. Nimehesabu vibaya usiku wa harusi ya ndugu yangu. Ni usiku huu wa leo. Nakuomba unipe sufuria sasa hivi, naona hupikii."

"Jumatano yote," alisema. "Kaandika nani?"

"Mimi."

"Mpaka iishe. Kaandika nani?"

"Mimi, Bi mkubwa."

"Basi kanuni ni yako, mwanangu. Mimi nafuata tu."

Wanawake wakacheka, wengine kwa kuficha mdomo na wengine bila kuficha. Akawangoja wamalize. Alikuwa mwanamke mzuri, hata mimi niliyemchukia siku ile nilikiona hicho, na alijua kukaa kimya mahali panapofaa.

"Lakini mimi si mtu mbaya," aliendelea. "Harusi ya mtu haikatizwi. Sema hapa, hawa wasikie, kwamba ulikosa adabu kuniweka mimi nyuma ya wasusi wa mikeka. Na kwamba mwakani utapanga kama alivyopanga bibi yako, mkubwa kwa ukubwa wake. Sema hilo tu, wachukuzi waingie."

Nilimfikiria ndugu yangu. Nilijua alikokaa saa ile, chumba cha nyuma, hina mikononi, na nilijua kwamba hatauliza kitu kwa sababu miaka miwili imemfundisha kutouliza. Nilijua pia kuwa neno halivunji mfupa. Ningesema, ningetoka, mwakani ningepanga nipendavyo. Lakini niliwaona wale wanawake wananiangalia, na nikaona kwamba nikisema, mwakani na miaka kumi baadaye kila msusi wa mikeka atakayekuja kwetu ataambiwa: hata yule mtoto mwenyewe aliungama.

"Nimekosa kuhesabu usiku," nilisema. "Hilo nalisema hapa, na ukitaka nitasimama barazani nilipige ukelele. Kupanga sikukosa. Wakfu hauna mkubwa. Hilo la pili silisemi."

Bi mkubwa akachukua kikombe chake.

"Basi ngoja Jumatano yangu iishe," alisema, akawageukia wageni.

Nikatoka. Mama alikuwa amesimama karibu na gari la hamali, ameshika upindo wa buibui lake. Nikamueleza yote, neno kwa neno, kwa haraka, na Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja anisifu.

"Neno moja?" aliniuliza.

"Neno moja, mama, lakini neno lenyewe—"

"Wewe una uso wa kuutunza. Mimi nina binti wa kumuoza."

Hakulisema kwa ukali. Ningependa angelisema kwa ukali. Akajitengeneza buibui, akapiga hatua kuelekea mlangoni, na nilijua anakwenda kulisema lile neno yeye, kwa niaba yangu, mbele ya wale wanawake na halua yao. Sikumshika mkono. Kisha akasimama.

"Mwisho kasemaje?"

"Kasema ningoje Jumatano yake iishe."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Mama akainua uso akaangalia juu, pale ambapo jua lilikuwa bado linapiga kwenye ukingo wa paa la upande wa pili. Alasiri ilikuwa imekwisha adhiniwa zamani. Akageuka, akakaa kwenye baraza ya nyumba ile, akawaambia wachukuzi nao wakae. Nilidhani nguvu zimemuishia. Nikakaa pembeni yake, na tukakaa hivyo, huku wapita njia wakitusalimu na wakishangaa kuona gari la hamali limeziba uchochoro. Mara mbili nilitaka kuinuka niende ndani nikaseme lile neno. Mara mbili sikuinuka. Jua likapanda ukuta taratibu mpaka likabaki kwenye bati, na kwenye bati nako likaondoka.

Mwadhini alipoanza, mama aliinuka. Akapiga hodi kwa sauti kubwa, akaingia, na mimi nyuma yake. Wanawake walikuwa wanainuka kwenda kutawadha.

"Masalkheri, Bi mkubwa. Masalkheri nyote. Samahanini, nauliza. Mmealikwa usiku wa siku gani?"

Bibi mmoja wa makamo, asiyejua lolote, akamjibu kwa ukarimu wote: "Usiku wa Alkhamisi, mwanangu. Karibu, ukae."

"Ahsante. Basi Jumatano imekwisha," mama alisema. "Nimefuata sufuria."

Azana ilikuwa bado inasikika. Bi mkubwa alikuwa amewaalika watu wale kwa maneno hayo hayo, usiku wa Alkhamisi, na wote walikuja kwa hesabu hiyo. Hakuweza kusema kwamba bado ni Jumatano bila kuwaambia wageni wake warudi makwao waje kesho. Aliniangalia mimi, wala hakumuangalia mama. Kisha akaashiria kwa kidole.

"Wachukue."

Nilicheka njia nzima. Gari la hamali lilikuwa linagonga mawe, mifuniko inalia, na mimi nyuma yake nimeshika buibui, nacheka mpaka wachukuzi nao wakacheka bila kujua sababu. Tuliwashinda kwa usiku wenyewe ulioniangusha. Nilirudia maneno yale, Jumatano imekwisha, Jumatano imekwisha, kwa sauti ya mama. Mama alitembea mbele na hakugeuka.

Tulipofika Ng'ambo, mafiga yalikuwa yameshawashwa na kuni zimeanza kuwa makaa. Wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye majamvi, na mtu mmoja ameanzisha kasida kuwatuliza. Pilau ingechelewa sana, hilo kila mtu alilijua. Wakati wachukuzi wanashusha sufuria nyuma ya nyumba, nilimuuliza mama jambo lililonikaa moyoni.

"Mama, kama isingekuwa ile kauli yake ya mwisho, ungelisema lile neno?"

"Ningelisema mara mia. Na mkono ningembusu."

"Sasa mbona ulikaa barazani? Ungelisema tangu alasiri, saa hizi watu wangekuwa wanakula."

"Nimekaa kwa ajili yako wewe," alisema. "Nimekata katika harusi ya mwanangu mmoja nikampa mwanangu wa pili autunze uso wake. Sasa na wewe nijibu, na usinidanganye. Ningelirudi mlangoni pale kwenda kulisema, wewe ungelikaa nje ukaniacha?"

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa na kila sababu ya kusema hapana, na ukuta mmoja tu ulinitenga na ndugu yangu. Lakini huyu alikuwa ameninyonyesha, na alikuwa ameniona barazani mara mbili nikitaka kuinuka na mara mbili nikikaa.

"Ningelikaa," nilimwambia.

Hakukunja uso. Alinikubalia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa alikokuwa akijua. Kisha akafunua sufuria iliyokuwa karibu. Ndani mlikuwa na ukoko wa Jumanne, umekauka, umeshikana na shaba mpaka juu. Akafunua ya pili na ya tatu. Bi mkubwa hakuziosha hata moja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya tangu ziwekwe wakfu.

Mama akaokota kumbi la nazi, akanitilia mchanga katika kibakuli, akanipa vyote viwili.

"Basi osha," alisema. "Watu wana njaa."

Nikafunga buibui kiunoni, nikainama ndani ya sufuria ya kwanza mpaka mabegani, nikasugua. Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Nyuma ya ukuta walianza kupiga vigelegele, nikajua wamemtoa ndugu yangu chumbani, na sikwenda kumtazama kwa sababu zilikuwa zimebaki mbili. Nikaziosha zote tatu. Shaaban ya mwaka uliofuata nikatandika mkeka, nikakata miyaa, kila siku nikaianzia magharibi, na nikapanga vile vile.